Injini Isitayo Asubuhi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Ndugu wasomaji, juma lililopita tulizungumza juu ya matairi. Leo tutazame maradhi ambayo wakazi wa nyanda za juu wanayajua vyema, hasa sisi tulio Kabale, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri za Juni na Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Unawasha gari, injini inatetemeka kama mwenye homa. Unakanyaga mafuta ili uondoke, nayo inasita, inakohoa, pengine inazimika.

Mwaka jana maradhi hayo yalinifika. Gari langu ni la zamani, lenye kabureta. Fundi mmoja alilisikiliza mchana kwa dakika mbili, akatamka kwamba kabureta imekufa. Nikatoa fedha tulizoziweka kwa karo ya muhula, nikanunua nyingine. Asubuhi iliyofuata gari likatetemeka vilevile, na mtoto akachelewa kurudi shuleni juma zima. Mama watoto hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi.

Tuelewe kwanza asili ya jambo. Petroli huungua vyema ikigeuka mvuke na kuchanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hubaki matone na kunata kwenye kuta za bomba la kuingizia hewa. Kwa hiyo injini baridi huhitaji petroli zaidi. Katika gari lenye kabureta, kazi hiyo ni ya choki, ambayo hupunguza hewa. Katika magari ya siku hizi, kipima joto cha maji ya injini huiarifu kompyuta, nayo huongeza petroli.

Basi swali la kwanza ni hili: je, injini ikishapata moto, kasoro huondoka? Ikiwa huondoka, chunguza choki au kipima joto hicho, kisha mipira yote midogo iliyounganishwa na bomba la hewa. Mpira uliozeeka hupasuka, hewa isiyotakiwa ikapenya. Ukipata moto hulainika, ufa ukajifunga, na mgonjwa akaonekana amepona. Ikiwa kasoro haiondoki, anza na plagi, waya zake na chujio la hewa. Plagi yenye masizi makavu meusi huonyesha kwa kawaida kwamba petroli imezidi. Iliyo nyeupe mno huonyesha kwamba hewa imezidi.

Gari langu liliponywa na jirani yetu, sajini mstaafu aliyefanya kazi katika karakana ya jeshi. Alikataa kuligusa jioni. "Mwalimu," alisema, "mgonjwa wa asubuhi hupimwa asubuhi." Alfajiri alikuja na kipande cha mpira, ncha moja akaiweka sikioni, na nyingine akaipitisha polepole juu ya injini inayonguruma, mbali na feni na mikanda. Mahali pamoja akasikia mlio kama wa nyoka. Ufa ulikuwa mfupi kuliko ukucha wangu, na bei ya mpira mpya haikufikia ya kilo mbili za sukari.

Neno moja kwa wenye familia. Usipashe injini moto ndani ya banda lililofungwa, hata kama nje kuna baridi kali. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Litoe gari nje kwanza, na watoto wakae mbali.

Ndugu msomaji, fundi akikuambia ununue kipuri, muulize amepima nini, na injini ilikuwa baridi au moto. Swali hilo halina gharama. Mimi sikuliuliza, nikalipa karo mara mbili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya betri.