Sendofu ya Binti: Anayepanga Ukubwa Ndiye Alipe

Ndoa moja ya mjini siku hizi, hasa Dar es Salaam, Arusha na Moshi, hubeba shughuli tatu au nne: kicheni pati, sendofu ya kumuaga binti, harusi yenyewe, na baada ya yote kwisha, hafla ya kuvunja kamati. Harusi ina mwenyewe anayejulikana. Kwa desturi za wengi ni ya upande wa bwana harusi, na kwa Waislamu walima ni sunna inayomwelekea mume, ambayo Mtume alimwagiza Abdurrahman bin Auf aifanye walau kwa mbuzi mmoja. Shughuli za kabla ya harusi hazina mwongozo kama huo. Kadi ya sendofu huandikwa majina ya wazazi wa binti, lakini fedha husakwa kwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzao, wanakwaya, waliosoma na binti, na wakati mwingine kwa bwana harusi mwenyewe.

Nani basi agharamie? Naona mzigo uwe wa yule anayeamua sherehe iwe kubwa kiasi gani. Wengine wote wasaidie kwa hiari, na msaada wao upokelewe kama ulivyo. Madeni na chuki vinavyozifuata shughuli hizi vinatokana na jambo moja: anayeamua ni huyu, anayelipa ni yule.

Tazama kamati inavyofanya kazi. Kikao cha kwanza humteua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha bajeti hupangwa: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, MC na muziki, picha na video, usafiri. Tuseme imefika shilingi milioni 15. Wajumbe wanaahidi, kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya kutuma fedha inawekwa, na ahadi zinafika milioni 13. Kwa nguvu ya ahadi hizo kamati inashika ukumbi na kumpa mpambaji malipo ya awali. Wiki ya mwisho inafika, na fedha zilizoingia ni milioni 8 na nusu. Mwenye ukumbi hana mkataba na walioahidi, ana mkataba na aliyetia saini. Mpishi naye anataka chake kabla hajawasha jiko. Pengo la milioni 6 na nusu linawarudia baba na mama, ambao pengine hawakuutaka ukumbi ule tangu mwanzo, nao wanaliziba kwa mkopo wa saccos, kwa fedha za kikoba, au kwa ada ya shule ya mdogo wake bibi harusi. Mjumbe aliyependekeza mapambo ya gharama hadaiwi hata senti.

Wanaoitetea michango wana hoja nzito. Mtu anayewachangia wenzake miaka nenda rudi anaweka akiba, na siku anapomuoza binti yake zamu yake imefika. Mshahara wa mwalimu au muuguzi hauwezi kubeba shughuli ya watu 200 kwa mkupuo mmoja, ila unaweza kutoa elfu 50 mwezi huu na elfu 30 mwezi ujao. Michango pia huwafunga pamoja watu waliotoka mikoa tofauti na kukutana mjini bila ukoo. Msiba ukitokea, ni watu walewale wanaokusanyika, na mweka hazina ni yuleyule. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka michango ifutwe. Anayesema hivyo hajapata kuuguza mgonjwa mbali na kwao.

Lakini akiba ina sharti: aliyeweka aweze kuchukua. Yupo asiye na mtoto. Yupo asiyependa sherehe, yupo aliyestaafu na kurudi kijijini, yupo aliyepoteza kazi kabla ya zamu yake. Wote hao wamechanga kwa miaka na huenda wasichangiwe kamwe. Haki yao inalindwa na kitu kimoja tu, uhuru wa kusema safari hii sina, na uhuru huo tumeuacha upotee. Kadi ya mchango siku hizi huja na kiwango cha chini, single kiasi fulani na double zaidi yake, na asiyekifikisha hapati kadi ya kuingilia. Hapo mchango umekwisha kuwa kiingilio cha ukumbini. Kwenye kundi la simu orodha hubandikwa kila asubuhi, jina, ahadi na salio, mpaka mtu anakopa ili asionekane mdaiwa mbele ya mabosi wake na wakwe zake. Akimaliza kulipa, bado kuna kitenge cha sare na ufundi wa kukishona, nauli ya usiku, na zawadi ya kumtuza binti siku yenyewe. Shangazi aliyembeba bibi harusi mgongoni anaweza kukosa kumwona akiagwa kwa sababu ya pungufu la elfu 20. Hilo linaniuma kuliko madeni yote ya kamati, kwa sababu deni hulipika.

Kumtwisha bwana harusi gharama za sendofu ni kosa la aina nyingine. Desturi za pwani zilitaja wazi kila anachotoa muoaji: mahari ni ya binti, mkaja ni wa mama yake, kilemba ni cha wazee wa kiume. Kila kitu kilikuwa na mpokeaji, na mshenga alikipeleka kikijulikana ni cha nani. Leo zipo familia zinazoongeza juu ya hayo fungu la sherehe yao wenyewe, na kulitaja mezani siku ya posa kana kwamba ni sehemu ya mahari. Kijana huyo ana harusi yake ya kuandaa. Akikopa kwa ajili ya sendofu, marejesho yatatoka kwenye unga na kodi ya nyumba ambamo binti yenu ndiye atakayeishi. Akileta kitu kwa mapenzi yake, apokelewe kwa shukrani. Asiandikiwe kiasi.

Kwa binti mwenyewe jambo ni gumu zaidi. Wasichana wengi wa mjini huolewa wakiwa na kazi au biashara, na wapo wanaoziba pengo la sendofu kimyakimya kwa mshahara wao kwa kuogopa wazazi wasiaibike. Kama yeye ndiye aliyetaka ukumbi wa ufukweni na gauni la kubadilisha mara mbili, alipe tofauti, hajaonewa. Kama ni baba anayetaka wakubwa wa ofisini waone alivyomuoza mwanawe, au mama asiyetaka kuzidiwa na mwenzake wa kikoba, bili hiyo ni ya baba na mama. Kuna wazazi wanaokodi turubai na viti, wakapika pilau ya watu 40 uani kwao, wazee wakamwombea mtoto na kumkabidhi kwa wakwe. Hao wamemuaga binti yao kikamilifu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na inatamka kwamba kutotimizwa kwa mila za mahari au za kupeana zawadi hakuiharibu ndoa. Sendofu haimo popote katika masharti yake.

Kicheni pati naitetea kwa moyo zaidi, maana hapo mchango huacha kitu. Shangazi ananunua jiko la gesi, marafiki wanachangishana friji, jirani analeta seti ya sufuria, na mwali anaanza maisha bila kukopa kijiko. Gharama hiyo ni ya wanawake wanaomzunguka, kila mmoja kwa uwezo wake, na ni sawa iwe hivyo. Ila nayo inaharibiwa na ukumbi. Fedha ambazo zingenunua kabati la vyombo zinakwenda kwenye maua ya siku moja. Somo akitaka kumfunda mwali anahitaji chumba, mkeka na muda, na mafunzo yenyewe yanataka faragha ambayo jukwaa lenye spika na kamera haliwezi kuyapa.

Kwa kamati zinazoketi mwezi huu naomba mambo machache. Mweka hazina asome fedha zilizomo mkononi, aziache ahadi pembeni, na wiki tatu kabla ya siku bajeti ipunguzwe mpaka ilingane nazo, hata kama ni kuuacha ukumbi na kurudi uani. Mjumbe anayetaka kitu kiongezwe akilipie papo hapo. Kiwango cha chini kifutwe, na kadi apewe mtu kwa sababu familia inamtaka awepo. Orodha ya wasiotoa isibandikwe hadharani. Na wazazi wa binti waseme mapema, siku ya kikao cha kwanza, tuna kiasi hiki na sherehe yetu itakuwa ya kiasi hiki. Kauli hiyo ikitoka kwao, mjumbe yeyote atakayeipandisha bajeti atajua kwamba ziada ni yake.