Mjomba Aliungua, Nami Nilikuwa na Jibu

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii nimeiandika mara nyingi katika insha na kupata alama nzuri. Lakini maana yake hasa sikuijua hadi likizo ya Agosti mwaka jana, nilipoiona kwa macho yangu ikimchoma mtu mkono.

Mjomba wangu ni fundi wa kusubu. Kusubu, kwa wale ambao hawajalikuta neno hili, ni kuyeyusha metali na kuimimina ndani ya kalibu ili ipoe na kushika umbo. Karakana yake iko Kariobangi, jijini Nairobi, chini ya mabati machache yaliyotoboka. Hapo hutoka sufuria nzito, vifuniko na miguu ya viti. Mashine hana. Ana pipa lililokandikwa udongo ndani, makaa, feni ndogo ya kupulizia hewa na chungu cha chuma. Malighafi yake ni vyuma kuukuu anavyonunua kwa kilo: pistoni za magari, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka, rimu zilizopasuka.

Siku hiyo kijana msaidizi alitupa chunguni kipande cha giaboksi ya Volkswagen, ile ya zamani yenye mgongo wa kobe. Kwa macho kilifanana na aluminiamu kama shilingi kwa ya pili. Lakini hakikuzama. Kilielea juu ya metali iliyoyeyuka kama andazi kwenye mafuta. Punde si punde kikashika moto, na si moto huu wetu wa jikoni, la! Ulikuwa mwanga mweupe unaoumiza macho. Kijana kuona vile akakimbilia ndoo ya maji. Mjomba akapiga kelele, "Wacha! Wacha we!" Akamsukuma kando, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Ukasikika mlio kama tairi ya lori ikipasuka. Metali iliruka, na nyingine ikamwangukia Mjomba mkono wa kulia, toka kiwiko hadi kiganja. Kijana alipona. Mjomba alikaa miezi miwili bila kushika kazi, na kodi ya nyumba haikungoja mkono upone.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka hapo. Na sasa niseme ukweli unaoniuma: nilikuwa na jibu. Katika Kidato cha Kwanza tulichoma utepe wa magnesiamu maabarani, mwalimu akatukanya tusiutazame. Baadaye nikaandika katika jaribio kwamba magnesiamu inayowaka hunyang'anya maji oksijeni yake na kuacha haidrojeni, gesi inayolipuka. Nilipata tiki nyekundu. Lakini ujuzi huo ulikuwa kichwani mwangu kwa Kiingereza, umefungiwa katika sanduku liitwalo mtihani. Mdomo wangu ulishindwa kutamka neno moja tu la Kiswahili: mchanga! Mchanga mkavu ungeuzima ule moto.

Basi maoni yangu ni haya, na atakayeyapinga nampa ruhusa. Sisi tulio shuleni tunayajua majina ya metali lakini hatuijui kazi. Mafundi wa jua kali wanaijua kazi lakini hawajaambiwa kilichomo ndani ya metali. Kati yetu pana ukuta, na sehemu kubwa ya ukuta huo ni lugha.

Msije mkadhani Mjomba ni mjinga. Aliachia masomo darasa la sita, lakini keti naye saa moja utaona aibu. Yeye husema, "Mpwa wangu, waya ni mvivu, pistoni ina maji." Nilicheka. Kumbe ni sayansi tupu! Waya wa umeme ni aluminiamu iliyo karibu safi, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi na haitambai vizuri ndani ya kalibu. Pistoni nyingi zina silikoni, mara nyingi kama sehemu 12 katika 100. Aloi ya aina hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 577, hutiririka kama chai, na haipasuki ovyo inapoganda. Mhandisi wa kiwandani atakuchorea grafu. Mjomba hukuonyesha kwa mkono.

Tazama na mchanga wake. Huuchanganya na udongo na maji kidogo, akaufinya kwenye kiganja kisha akauvunja. Ukivunjika vipande viwili safi, uko tayari. Ukiwa na maji mengi, mvuke utailipua kazi. Tena, aluminiamu iliyoyeyuka hunyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu, kisha huitapika inapoganda. Ndiyo maana sufuria nyingine huwa na vitundu kama vya mkate. Mjomba hajui haidrojeni ni nini, lakini kila kipande hukikausha kando ya moto kabla ya kukitia chunguni. Vilevile huacha mlango mpana wa kumiminia, kwa kuwa aluminiamu hupungua kama sehemu sita na nusu katika 100 inapoganda, na lazima pawe na akiba ya kujaza pengo hilo.

Viwandani mambo yamesonga mbele. Kuna kalibu za chuma zinazotumika tena na tena, na kuna mashine zinazosukuma metali ndani ya kalibu kwa nguvu nyingi, kitu kikatoka laini na chembamba. Hata huko magnesiamu na aluminiamu hazilali kitanda kimoja. Magnesiamu haili chuma upesi, kwa hiyo bomba la mashine yake laweza kukaa ndani ya chungu cha moto. Aluminiamu hukitafuna chuma, hivyo mara nyingi huyeyushwa kando na kuchotwa kila inapohitajika. Na magnesiamu iliyoyeyuka hufunikwa kwa gesi maalumu isigusane na hewa. Nani amewahi kumweleza Mjomba hayo?

Wala tusiitukane magnesiamu. Ni metali ya heshima. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.9, ya aluminiamu 2.7, na ya magnesiamu 1.74 tu. Ndiyo maana waliounda ile Volkswagen, ambayo injini yake hukaa nyuma, walisubu sanduku la injini na la gia kwa aloi ya magnesiamu ili mgongo wa gari usilemewe. Tena magnesiamu kidogo sana ndani ya aluminiamu huipa nguvu. Rimu nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu yenye silikoni sehemu saba hivi katika 100 na magnesiamu isiyofika hata nusu ya sehemu moja. Chumvi kidogo hukoleza mchuzi, gunia zima huuharibu.

Moto, hata hivyo, ni adui anayeonekana. Kuna mwingine anayeingia kimyakimya, naye ni risasi. Sizungumzii risasi ya bunduki bali metali yenyewe, ile ya betri za magari na ya kulehemu rejeta za zamani. Ikichanganyika na vyuma kuukuu, nyingi huzama chini ya chungu, lakini kiasi fulani hubaki ndani ya sufuria. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walivichemshia asidi hafifu ya siki kwa muda wa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa risasi ya kiasi cha kutia wasiwasi. Jamani, sisi hupika nyanya, na nyanya ina asidi! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa maana huharibu ubongo unaokua. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa hawahitaji kuhadithiwa risasi ya betri ilivyowatenda. Mimi nina dada wa miaka minne, na sufuria ya nyumbani aliisubu Mjomba. Je, ilikuwa na nini ndani? Mjomba mwenyewe hawezi kuniambia, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Najua wapo watakaosema, "Basi jua kali ipigwe marufuku, tununue sufuria za dukani." Maneno hayo ni rahisi kwa aliyeshiba. Mama mwenye kibanda cha chakula anataka sufuria nzito isiyounguza maharagwe, kwa bei anayoiweza. Isitoshe, Mjomba ana vijana watatu anaowalipa kila Jumamosi. Ukifunga karakana yake umefunga milango minne. Wengine watasema, "Fundi hujifunza kwa uzoefu." Sawa, lakini uzoefu wa magnesiamu hulipiwa kwa ngozi, na uzoefu wa risasi hauonekani kamwe. Mtoto hapigi kelele anapoinywa.

Dawa si marufuku wala dharau. Dawa ni kuchambua vyuma kabla ya kuviyeyusha, na kazi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni. Nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia, tukakaa meza moja, na haya ndiyo tuliyoyaandika kwa Kiswahili.

Kwanza, sumaku: kinachonata ni chuma, kiweke kando. Pili, mkono: kipande chepesi kuliko unavyotarajia kishuku. Tatu, tupa na siki: kwangua rangi mpaka metali ing'ae, kisha dondosha siki. Aluminiamu itanyamaza, magnesiamu itatoa povu la viputo papo hapo. Nne, chochote kilichotoka kwenye betri, chenye alama za kulehemu au chenye rangi ya zamani kisiingie kamwe katika chungu cha sufuria. Tano, ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu na tanuri, na ndoo ya maji ikae mbali. Lakini kuna jambo moja siki haiwezi kukuambia, nalo ni kama chombo kina risasi. Ndiyo maana sharti la nne halina mjadala.

Niliyapeleka maandishi hayo Kariobangi siku ya mapumziko ya katikati ya muhula. Mjomba aliyasoma polepole, kidole kikifuata mstari, mkono wake ukiwa na kovu jekundu. Kisha akachukua chupa ya siki na kulisogelea rundo la vyuma nyuma ya karakana. Kipande cha nne kikatoa povu. Wote tukanyamaza. Kilikuwa kimelala pale tangu Krismasi, kikingoja zamu yake. Mjomba akanitazama, akasema, "Na haya mnayasoma kila siku?" Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, nina ombi. Kila mwaka chama chetu huandaa mashairi, michezo ya kuigiza na mijadala, na ni vizuri. Mwaka huu tuongeze jambo moja: tushirikiane na Chama cha Sayansi, tuandike karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, tuipeleke kwa mafundi wa mji huu. Nao tuwaalike waje watufundishe kufinya mchanga. Walimu wetu wapendwa, tunawaomba baraka zenu na karatasi chache za kuchapishia. Hatuombi basi.

Kiswahili si cha kujibia mtihani wa insha peke yake. Ni lugha anayoitumia mtu moto unapowaka. Siku ile ningekuwa na neno moja tu mdomoni, Mjomba angekuwa na mkono mzima. Nimejifunza kwa kuchelewa. Wewe usichelewe.

Mwanachama, Kidato cha Nne