Kabla hujala hizo chipsi, uliza mafuta yametoka udongo gani

Ukishuka basi usiku pale Mtito Andei, katikati ya safari ya Nairobi kwenda Mombasa, kitu cha kwanza kukukaribisha ni harufu ya mafuta moto. Unanunua chipsi, unajipangusa vidole, unarudi kwenye kiti. Hata mimi hufanya hivyo. Lakini umewahi kujiuliza hayo mafuta yametoka wapi?

Mengi ni mawese ya Indonesia na Malaysia, yanayoingilia bandari ya Mombasa. Na sehemu ya mashamba ya huko iko juu ya udongo wa mboji, yaani mabaki ya miti yaliyolala majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza yakaisha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite profesa. Kemia hii nimeielewa kwa kuwatazama wachoma makaa wa huku Makueni. Mchoma makaa hufunika kuni kwa udongo ili hewa isiingie. Tundu likitokea asilizibe, asubuhi anakuta jivu. Mboji nayo iko hivyo, ila kifuniko chake ni maji. Maji huzuia oksijeni, vijidudu vinashindwa kuozesha, kaboni inabaki chini.

Sasa mchikichi hautaki mizizi yake ikae majini. Mwenye shamba anachimba mitaro, maji yanatoka, hewa inaingia. Tundu ndilo hilo. Vijidudu vinakula mboji na kutoa kaboni dioksidi mwaka nenda mwaka rudi, bila kiberiti. Ardhi inadidimia sentimita kadhaa kila mwaka. Tena udongo huo una asidi kali, pH ya 3 hadi 4, kwa hivyo unadai mbolea, na mbolea ya naitrojeni nayo hutoa gesi nyingine ya kuongeza joto. Kiangazi kikizidi, mboji yenyewe inashika moto. Mwaka 2015, moto uliteketeza takriban hekta milioni 2.6 Indonesia, na moshi ukafika Singapore.

Mchikichi huzaa vizuri kwa miaka 25 hivi. Mboji ya kina cha mita moja huchukua kama miaka elfu moja kujijenga. Piga hesabu mwenyewe.

Najua utasema, "Boss, mimi nataka mafuta ya bei poa." Nakuelewa. Mwaka 2022 Indonesia ilipofunga uuzaji wa mawese nje kwa wiki chache, tulikumbuka tunavyotegemea shamba la wenyewe. Sitaki mama wa mandazi afunge kibanda. Wala sisemi tususie mawese: mchikichi hutoa mafuta mengi kwa hekta kuliko alizeti au soya. Mti hauna kosa. Shida ni pale unapopandwa.

Ninachotaka ni kibandiko kinachosema ukweli. Mtungi ulio jikoni kwangu umeandikwa "mafuta ya mboga", basi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayomtaka muuzaji aonyeshe shamba mawese yalikotoka, ingawa utekelezaji umeahirishwa. Kwa nini mla chipsi wa Paris ajue, na wewe wa Mtito Andei usijue? Hilo ni swali la KEBS na la mbunge wako.

Usidhani ni mambo ya mbali. Huku Ukambani mvua ikikosa msimu mmoja tu, mahindi yanakauka na watu wanalala njaa. Joto la dunia likizidi, sisi ndio wa kwanza kuumia. Na hapa hapa Afrika, bonde la Kongo lina mboji yenye takriban tani bilioni 30 za kaboni, nyingi bado imefunikwa na maji. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilianza kunadi vitalu vya petroli, vingine ndani ya eneo hilo.

Muulize mchoma makaa yeyote: tundu huzibwa usiku huo huo. Asubuhi umechelewa.