KITAMBI SI BARAKA, NA MZEE KUKONDA SI KUPONA SUKARI



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze juu ya uzito wa mwili kwa mwenye kisukari, na jinsi unavyohusiana na maradhi ya kusahau, yale ambayo madaktari wanayaita dimenshia. Mimi ni imamu, si daktari. Dawa na dozi utaambiwa kliniki. Lakini yapo maneno mawili tunayoyasema sana huku Nyakato, na yote mawili yanaumiza watu.

La kwanza: mtu wa makamo mwenye sukari akiota kitambi tunasema, "maisha yamemkubali." La pili: mzee mwenye sukari akikonda tunasema, "alhamdulillah, sukari imeisha."

Kabla ya kuyajibu, tuondoe kwanza neno la tatu linalotufunga mikono: "kusahau ni uzee tu." Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, akatufundisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Basi wengine wanaliweka sahau lote kwenye kapu la uzee na kunyamaza. Hapana. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee zaidi ya 1,000 wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliokutwa na dimenshia ni takriban 6 katika kila 100. Waliobaki, zaidi ya 90, ni wazee vilevile na hawana maradhi hayo. Kama ingekuwa ni umri peke yake, wote wangekuwa nayo.

Sasa tuje kwenye kitambi. Mafuta yanayojikusanya tumboni huifanya insulini ishindwe kazi yake vizuri, sukari ikabaki juu kwenye damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, na presha ikiwa nayo ipo juu, mishipa midogo ya damu inaharibika. Tumezoea kusikia ya macho, ya figo, ya miguu. Ubongo nao una mishipa hiyo hiyo. Ndiyo maana mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya dimenshia kuliko asiye nacho. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu nusu ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Kisukari kimo, presha imo, unene wa utu uzima umo, na kutofanya mazoezi kumo.

Angalieni maneno hayo: unene wa utu uzima. Anayezungumziwa hapo ni wewe wa miaka 40 au 50 unayesoma hapa, sasa hivi, na soda ya baridi mkononi. Maradhi ya kusahau huanza kimya kimya miaka mingi kabla hayajaonekana. Nenda kwa fundi cherehani umuazime utepe wake, ujipime kiuno. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamume akizidi sentimita 94, na mwanamke akizidi 80, hatari imeanza kupanda. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tumbo tuligawe mafungu matatu: chakula, maji, na pumzi. Sisi fungu la pumzi tumelijaza wali. Ziwa letu lina sato na dagaa, sokoni mboga za majani zipo, na msikitini tunaweza kwenda kwa miguu badala ya kupanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi. Haya hayataki utajiri.

Tuje kwa mzee, kwa sababu hapa ndipo makosa yetu yanapotisha zaidi.

Mzee wa miaka 70 au 75 mwenye sukari, ambaye hakuamua kupunguza mwili, lakini kanzu inamning'inia, mama kitenge anakizungusha mara mbili. Huyo hajapona. Kwa mzee, kupungua uzito bila kukusudia kunaweza kuwa ni dalili inayotangulia dimenshia kwa miaka kadhaa. Hamu ya chakula inapotea, anasahau kama amekula, anashindwa kupika. Inaweza pia kuwa sukari iko juu sana, au TB, au maradhi mengine. Lolote kati ya hayo linataka kipimo, si pongezi.

Na ipo hatari nyingine. Mwili umepungua, kula kumepungua, lakini vidonge ni vile vile vya zamani. Au amesahau kuwa amekwishameza, akameza tena. Sukari inashuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuropoka, kuzimia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya 16,000, ulionyesha kuwa wazee waliowahi kushukiwa na sukari hadi kufikishwa hospitali walipata dimenshia zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo mzee akikonda, mpelekeni kliniki na vidonge vyake vyote mkononi, na daktari aipitie dozi upya. Msimkatie dawa wenyewe, na msimnyime chakula kwa jina la sukari. Ikiwa daktari amemzuia kufunga Ramadhani, msimlaumu. Allah amempa ruhusa.

Ndugu zangu, kwa nini jambo hili linanikera? Kwa sababu sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa na tunajua kilichowapata vikongwe wetu. Bibi amekonda, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, anatoka nje usiku hajui anakokwenda, anaongea peke yake. Akipatikana mpiga ramli chonganishi wa kumtaja jina, mapanga yanafuata. Wameuawa kina mama wasio na hatia katika mikoa yetu hii kwa dhana kama hizo. Yule huenda alikuwa mgonjwa wa kusahau, na nyumbani kwake hapakuwa na mtu aliyemjulia. Allah ametukataza hata kuguna mbele ya mzazi aliyefikia uzee. Vipi basi kumwita mchawi?

Nasema na masheikh wenzangu pia. Kisomo ni haki na Qur'ani ni shifaa. Lakini mzee akiletwa anapotea njia, tumsomee na papo hapo tuwaulize watoto wake: sukari amepima lini? Uzito wake mwaka jana ulikuwa kilo ngapi? Kisomo kisiwe kizuizi cha kipimo.

Rai yangu kwa kamati za misikiti ni moja. Tunanunua vipaza sauti, tunanunua mazulia, tununue na mizani ya uzito. Kila mwezi, baada ya swala ya Ijumaa, wazee wapimwe, kilo ziandikwe kwenye daftari. Upande wa kina mama vivyo hivyo. Kijana mwenye kitambi aone namba yake, na mzee anayepungua aonekane mapema. Kisha aende kituo cha afya, Sekou Toure au Bugando, na aulize dirisha la wazee.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah asirudishwe kwenye umri dhaifu, ule ambao mtu baada ya kujua anakuwa hajui kitu. Basi nasi tuombe dua hiyo hiyo, na tukishaomba tuinuke tukampime mzee wetu.

Allah awahifadhi wazazi wetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na awarehemu waliotangulia. Aamin. Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako mwenye mzazi nyumbani.