Nyumba ya Halali, Deni Lisilobebeka

Tangu Amana Bank ilipofungua milango yake nchini Tanzania mwaka 2011, Muislamu anayetafuta nyumba ana njia ya kuiepuka riba. Alhamdulillah. Lakini wapo wanaodhani kuwa mkataba ukishaitwa murabaha, hesabu haina haja tena. Katika murabaha benki huinunua nyumba, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana, naye hulipa kwa mafungu. Riba imeondoka, deni limebaki. Mtume (S.A.W.) alisita kumsalia maiti aliyeacha deni la dinari chache tu, mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kutia saini, toa kwanza matumizi ya mke na watoto, ambayo ni wajibu wako, kisha wazazi, ada na nauli. Usihesabu posho; posho haina ahadi. Ongeza kodi ya ardhi, na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Paa nalo litavuja siku moja, na mwenye nyumba utakuwa wewe.

Kisha jijaribu. Ikiwa unapanga kwa shilingi 200,000 na fungu la benki litakuwa 500,000, weka kando 300,000 kila mwezi kwa miezi sita. Ukilazimika kukopa dukani kabla ya mwezi wa tatu, jibu umelipata. Ukifika salama, una 1,800,000 za kuanzia malipo ya awali.