Gesi ya Kiyoyozi Hailiwi kama Petroli

Mtu wa Bibokoboko akisikia kwamba wako walipao fedha ili wapate baridi ndani ya gari, huona ni kichekesho. Kwao milimani baridi ni ya bure, tena usiku huzidi. Lakini wengi wa huko wameteremka kando ya Ziwa Tanganyika, hasa tangu mapigano ya mwaka 2021, na kijana ajifunzaye ufundi wa magari huku Baraka penye joto hukutana na kiyoyozi mapema. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya baba mwenye gari la abiria katika njia ya Uvira, yafaa tulieleze jambo hili.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi, huzunguka tu. Kompresa huikandamiza; hupita katika kondensa mbele ya gari, huacha joto lake huko na kuwa maji; kisha hupenya tundu jembamba, hugeuka tena mvuke na kulichukua joto la mle ndani. Chombo kikiwa kizima, gesi ile ile hukaa miaka mingi. Basi fundi akwambiaye kila miezi mitatu, "Baba, gesi imekwisha, tuongeze," anakuuzia kitu kile kile mara nne kwa mwaka. Gesi haikwisha. Imetoroka, na tundu bado li wazi.

Kazi ya kweli ni kulitafuta tundu hilo. Penye mvujo huonekana vumbi lenye mafuta, kwa maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Katika njia zetu za mawe mimi huanza na kondensa. Ukisha kuziba, vuta hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi, maana unyevu ukibaki huzaa asidi ilayo vyuma. Ndipo upime gesi kwa mizani. Gari dogo hutaka gramu 400 hadi 600 hivi, na kiasi chake kimeandikwa chini ya boneti. Kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza. (Naipenda kazi hii kuliko ya giaboksi, mikono hubaki safi.)

Magari mapya yameleta shida nyingine. Gesi ya R-134a, tuliyoizoea tangu miaka ya 1990, hulipasha joto anga mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Na tangu 2017 gari jipya halikubaliwi kuuzwa nayo katika Umoja wa Ulaya. Mengi sasa huja na R-1234yf, iliyo ghali sana. Hizi mbili hazichanganywi. Na gesi ya kupikia, ambayo wengine huitia kwa kuwa ni rahisi, ni hatari kabisa: ikivuja ndani ya gari lenye watoto, cheche moja yatosha.

Lakini ninaloliogopa zaidi ni gari litumialo petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius. Kompresa yake, tangu lile umbo la mwaka 2003, haizungushwi na mkanda. Huendeshwa kwa umeme wa zaidi ya volti 200, upitao katika waya za rangi ya machungwa. Waya hizo zaweza kuua. Tena hutaka mafuta yake pekee yasiyopitisha umeme. Ukitia yale ya kawaida, hata kidogo, umeme huvuja na gari laweza kukataa kuwaka. Asiyefundishwa asiiguse, amwambie mwenye gari wazi kwamba hajui.

Tena kiyoyozi chafaa hata penye baridi. Apandaye milima ya Fizi asubuhi ya ukungu akiwasha kiyoyozi pamoja na joto, kioo cha mbele hutakata upesi, kwa kuwa chombo hukausha hewa. Na kikiendeshwa dakika kumi kila juma, mafuta huifikia mipira ya kompresa, isikauke ikapasuka.