Maoni: Hata filamu ya mpira, mzazi aitazame kwanza

Jumamosi moja moto ulikuja saa kumi na mbili jioni, mapema kuliko tulivyozoea hapa Bukavu, na nikaamua kuwaonyesha watoto filamu. Nilikuwa nimechajisha kwenye flashi filamu ya maisha ya Pelé, ile iliyotoka mwaka 2016. Kijana wa duka alinihakikishia: "Papa, ile ni ya mpira, batoto bote banaipenda." Hakudanganya. Vijana wangu wawili walipiga makofi tangu mwanzo, walipoona watoto wa Brazili wakicheza bila viatu, na balle ya matambara kama ya kwetu.

Kisha ikafika sehemu ambayo udongo unaporomoka na kumfunika rafiki ya Pelé. Nyumbani kwetu anaishi binti wa miaka 10, mtoto wa dada ya mke wangu, ambaye anatoka Nyamukubi, katika Kalehe. Wanaokumbuka Mei 2023 hawahitaji maelezo. Binti alisimama, hakusema kitu, akaenda jikoni na kuanza kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Mke wangu alimfuata. Mimi nikabaki na rimoti mkononi.

Filamu ile si mbaya. Ningemshauri mzazi yeyote aionyeshe, na mwisho wake, kijana wa miaka 17 akishinda Kombe la dunia la 1958 kule Sweden, unainua roho. Kosa lilikuwa langu: sikuitazama kwanza. Niliona mpira, nikafikiri kazi yangu imekwisha.

Wengi wetu tunategemea alama. Kwenye chaneli za Ufaransa tunazopata kwa dekoda, kuna namba ndani ya duara pembeni mwa kioo: 10, 12, 16, 18. Zinasaidia, na mzazi anayezipuuza anafanya vibaya. Filamu ya Pelé huko Marekani ilipewa alama inayomwomba mzazi aongoze watoto, basi. Lakini wanaoweka alama hizo wanatafuta damu, uchi na matusi. Hawajui mvua ya Kalehe. Hawajui kwamba mtoto wa Sake ao wa Uvira akisikia mlipuko kwenye televizyo anaweza kuingia chini ya kitanda. Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho aliniuliza katikati ya katuni: "Papa, ile ni masasi ya kweli?" Namba ya pembeni haiwezi kumjibu.

Na neno "sport" lenyewe linatudanganya. Bloodsport ya Van Damme, ya mwaka 1988, inahesabiwa kuwa ya sport, na nimewaona watoto wa miaka saba wakiitazama kwenye salle ya video ya kartie, wamekaa mstari wa mbele. Million Dollar Baby ya Clint Eastwood ni filamu kubwa, ilipata Oscar ya filamu bora. Baba anayeiweka akifikiri binti zake wataona msichana anayejifunza ngumi atajikuta, saa mbili baadaye, mbele ya kitanda cha hospitali na swali la kifo ambalo hata wakubwa wanalikimbia.

Najua jibu la wenzangu: sisi tulikulia na Rambo, na tukawa watu. Mimi pia nilikulia naye. Tulikuwa tukitoka kwenye video tunachonga bunduki kwa mashina ya ndizi, tunagawana majeshi kwenye avenue. Miaka michache baadaye, baadhi ya tuliocheza nao walikamata bunduki za kweli. Sisemi ni Rambo aliyewapeleka. Vita na umaskini vilitosha. Nasema tu kwamba katika utoto wetu wote hakuna mtu mkubwa aliyekaa karibu nasi kutuonyesha shujaa wa namna nyingine.

Wapo, na si wa mbali. Queen of Katwe, iliyotengenezwa na Mira Nair mwaka 2016, inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi kabla ya kufundishwa sataranji, mchezo ambao wengi wetu tunauita kwa Kifaransa, échecs. Hakuna mtu anayepigwa risasi. Kuna mama mjane, anayechezwa na Lupita Nyong'o, anayepigania nyumba; kuna mtoto anayegongwa na pikipiki na deni la hospitali; kuna dada mkubwa anayeondoka na mwanaume mwenye pikipiki nzuri. Watoto wetu wanaijua hiyo inchi bila kuwahi kufika Uganda. Lakini niliyoipenda zaidi ni sehemu Phiona anaposhindwa. Anakwenda Urusi, anapigwa, analia, anataka kuacha. Filamu nyingi za michezo zinamfundisha mtoto kwamba ukijikaza utashinda, na kesho yake anafeli mtihani ingawa alijikaza. Hii inamwonyesha mtu aliyeshindwa akirudi nyumbani, na bado anapendwa.

Siku mbili baada ya kuiona, binti yetu wa Nyamukubi alichora miraba kwenye kartoni na kuomba vifuniko vya chupa. Sikuwa najua farasi anatembea namna gani. Ilibidi nijifunze.

Ya pili ni yetu wenyewe: When We Were Kings, ile ya pambano la Ali na Foreman la tarehe 30 Oktoba 1974 kwenye uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Picha zilichukuliwa wakati ule, filamu ikatoka 1996, na ikapata Oscar. Ni ya watoto wa miaka 10 na zaidi, maana ina maongezi mengi ya wazee. Mdogo wangu alilala baada ya nusu saa. Wakubwa hawakulala. Walitaka kujua kwa nini Mobutu alikubali kila mpiganaji apate dola milioni tano wakati watu walikuwa na njaa. Walitaka kujua pia kwa nini Wakinshasa walikuwa wakimwimbia Ali "boma ye", amuue. "Alimuua?" Hapana, Foreman aliangushwa katika raundi ya nane, akaamka, akawa mchungaji, akawa rafiki ya Ali, na akafariki Machi 2025 akiwa mzee. Maongezi hayo yalichukua muda mrefu kuliko pambano.

Tazama pia lugha. Mtoto wa miaka sita hasomi maandishi ya chini ya picha. Na zile zinazotafsiriwa kwa Kiswahili na msimulizi zinachekesha kweli, lakini msimulizi anaongeza matusi yake ambayo hayamo ndani ya filamu. Sikiliza dakika kumi kabla ya kulipa.

Mama anayerudi sokoni saa moja usiku atasema hana muda wa kutazama filamu mara mbili. Ana haki, na watoto wake ndio hao walioketi mstari wa mbele kwenye salle. Kwa hiyo jambo hili si la nyumbani peke yake. Machefu wa avenue wanaweza kukaa na wenye salle na kupatana: mchana, mpaka saa kumi na mbili, ni filamu ambazo mtoto anaweza kuona, na umri uandikwe mlangoni kwa chokaa. Haidai bajeti. Mwenye salle hatapoteza wateja. Watoto wataingia tu, wao wanataka picha itembee.

Jumamosi hii, kama moto utakuja, ni zamu ya Rise, filamu ya mwaka 2022 kuhusu ndugu wa Antetokounmpo, watoto wa Wanigeria waliokulia Ugiriki bila hati na kugawana viatu vya kuchezea basket. Nimekwisha kuitazama jana usiku, watoto wakiwa wamelala. Kuna sehemu wazazi wanaogopa kukamatwa na kurudishwa. Hapo nitasimamisha kidogo, na binti atakaa kando yangu.